Nyambizi ya juakali na somo la pampu za Tana

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wa kwanza walipohamia mradi wa umwagiliaji wa Bura, maisha yao yote yalitegemea pampu. Mashamba yalikuwa juu na mto ulikuwa chini, na hakuna mche wa pamba ambao ungeota bila maji kupandishwa na injini za dizeli kutoka kituo cha Nanigi. Injini zilipokosa mafuta au vipuri, mfereji ulikauka, na ulipokauka hapakuwa na njia ya pili. Pamba iliungua shambani huku mto Tana ukipita kando yake. Kufikia mwisho wa muongo ule, mradi ambao Benki ya Dunia na serikali walikuwa wameutilia mamilioni ulikuwa umeanguka, na familia zilizotolewa pembe zote za Kenya zikabaki bila tegemeo.

Katika mradi wa umwagiliaji wa Hola hali ilikuwa nyingine, lakini mwisho ukawa ule ule. Mwaka 1989 mto wenyewe ulihama njia. Pampu zilikuwa nzima, ila maji hayakuwepo tena mbele yake.

Nawakumbusha habari za Bura na Hola kwa sababu leo nataka kuzungumzia chombo ambacho wengi hawakitarajii katika habari za Garsen, mji wa mto huo huo: nyambizi ndogo ya mtu mmoja au wawili, iliyoundwa na fundi katika karakana yake. Watu wa namna hiyo wapo duniani. Mmarekani Karl Stanley alianza kuunda ya kwanza akiwa bado mwanafunzi, na kwa miaka mingi amekuwa akiwashusha wageni baharini Roatán, Honduras, kwa nyambizi aliyoiunda mwenyewe. Sisi nasi tuna mafundi waliounda ndege na magari nyuma ya nyumba zao. Siku moja atatokea wa kuunda chombo cha kuzama, na huenda akatoka kwenye ukingo wa mto huu, ambako karibu kila kijiji kina mtu anayejua kuifungua pampu na kuifunga tena. Mtu huyo nina jambo moja la kumwambia: pampu ni ya kusawazisha chombo. Roho ya aliyemo ndani isitegemee pampu hata kidogo.

Na asidhani anafanya mchezo. Septemba 29, 2019, gari lilipotumbukia kivukoni Likoni na kuwazamisha mama na binti yake, nchi nzima ilikaa ikisubiri hadi Oktoba 11 lilipotolewa kwenye kina cha mita 58, baada ya wapigambizi wa Jeshi la Wanamaji kusaidiwa na wataalamu na vifaa kutoka nje. Mafuriko ya Tana nayo hayatungoji. Aprili 2024 mashua ilipinduka kwenye barabara iliyokuwa imegeuka mto kati ya Madogo na Garissa, na watu wakafa wakitazamwa. Nchi yenye bahari, maziwa na mto wa kilomita 1,000 hivi inahitaji watu wake wenyewe wanaojua kushuka majini na kurudi.

Pwani hii imewahi kulipa gharama kubwa kwa kutojua kilichomo chini ya maji. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo ikiwa na mamia ya vijana wetu wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kwa dakika chache tu, na watu 1,297 wakaangamia. Nyambizi ile ikajificha chini ya manusura waliokuwa wakielea, hadi mabomu ya manowari za Kiingereza yalipoilazimisha kuibuka. Wazee wengi wa bara waliwapoteza ndugu zao siku ile.

Farumi inayoingia na kutoka

Baharia wa Lamu au Kipini hahitaji kufundishwa umuhimu wa farumi. Jahazi linalorudi tupu hutiliwa mawe au mchanga chini ili upepo usilipindue. Mashua za mashindano hubeba mifuko ya mchanga, na upepo ukizidi, vijana hupanda kwenye ubao unaotokeza nje ya chombo, nao wakawa farumi inayosogea. Baharia huyo huyo anajua pia kwamba maji yanayojikusanya ngamani ni adui, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuyafua kwa upo usiku kucha. Katika nyambizi, farumi na maji ya ngamani ni kitu kimoja: maji ndiyo mzigo, unayakaribisha unapotaka kushuka na kuyafukuza unapotaka kupanda.

Tofauti kubwa ni kwamba chombo kinachoelea kina uvumilivu. Ukikipakia kilo 100 zaidi, kitashuka kidogo majini na kuendelea na safari, kwa kuwa kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyosukuma maji mengi zaidi, na maji hayo nayo hukiinua. Chombo kilichokwisha kuzama hakina uvumilivu huo, kwa sababu kimeshasukuma maji yote kinayoweza kusukuma. Kikizidi uzito wa maji hayo, hata kwa kilo moja, kitaanza kushuka, na hakitasimama chenyewe mpaka kiguse chini.

Tuseme fundi wetu ameunda chombo ambacho, kikizama chote, kinachukua nafasi ya lita 2,000. Katika maji matamu, nguvu ya maji ya kukiinua ni kilo 2,000. Basi chombo, mtu, betri, risasi na kila kilichomo lazima vifike kilo 2,000 kamili. Kikiwa na 1,990 hakizami, na kikiwa na 2,010 hakiibuki. Hapo ndipo matangi yanapohitajika, nayo ni ya aina mbili, na mara nyingi anayeunda kwa mara ya kwanza huyachanganya.

Tangi kubwa hukaa nje ya mwili wa chombo. Lina matundu chini na vali juu. Vali ikifunguliwa, hewa hutoka kwa juu, maji huingia kwa chini, na chombo hulala majini. Ukitaka kupanda, unaifunga vali na kupuliza hewa iliyoshindiliwa kutoka kwenye mtungi, nayo huyasukuma maji yatoke kwa chini. Kwa kuwa shinikizo la ndani ya tangi hilo ni sawa na la nje, bati jembamba linatosha kulitengeneza. Tangi la pili ni dogo, na hilo ni la kusawazisha. Hubeba lita chache zinazoongezwa au kupunguzwa ili uzito ufike pale pale unapotakiwa. Ndani yake kuna hewa ya kawaida kama ya chumbani, nje kuna uzito wote wa maji ya kina kile, kwa hiyo lazima liwe la chuma kinene, na maji yake hutolewa kwa pampu.

Hewa ya tangi kubwa ipimwe mapema. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la anga. Tangi la lita 200, ukilipuliza ukiwa karibu na uso wa maji, linataka lita 200 za hewa. Kwenye mita 20 linataka 600, na kwenye mita 58 za Likoni linataka karibu 1,360. Mtungi wa mpigambizi wa lita 12, ukishindiliwa hadi mara 200 ya shinikizo la anga, una lita 2,400 za hewa. Kwa hiyo kwenye mita 20 una karibu nafasi nne za kupuliza, na kwenye mita 58 una moja tu, ya pili haitimii. Anayeshuka bila kupiga hesabu hiyo amejiamini kupita kiasi.

Na vali ya juu ya tangi iheshimiwe kuliko kitu kingine chochote. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, haikuzama papo hapo. Ilibaki ikielea tumbo juu kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani, na waliokuwa humo walisikika wakigonga. Waokoaji, kwa nia safi kabisa, walitoboa bodi ili wawatoe. Hewa ikapata njia, maji yakapanda kuchukua nafasi yake, na meli ikateremka ziwani pamoja na waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Watu wa Kanda ya Ziwa hawajalisahau tundu lile. Kila vali iliyo juu ya tangi la nyambizi ni tundu kama lile. Ikivuja polepole, chombo kitashuka polepole, na aliyemo ndani anaweza asitambue mpaka kina kimeshamzidi.

Kilo 50 za Kipini

Hesabu ya lita 2,000 niliyoitoa ni ya Garsen, na haifai Kipini, mto unapokutana na bahari. Mtu wa delta anaweza kuielewa sababu yake upesi kuliko mhandisi aliyesomea mbali na mto.

Maji ya bahari yana chumvi, na lita 1,000 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 1,025 hivi. Chombo chetu kikitoka kwenye maji matamu ya mto na kuingia Ghuba ya Ungwana, nguvu inayokiinua inapanda kutoka kilo 2,000 hadi 2,050. Ghafla kimekuwa chepesi kwa kilo 50, na hakitazama mpaka kiongezewe lita 50 za maji. Hilo si la kuogopesha. La kuogopesha ni safari ya kurudi. Chombo kilichosawazishwa baharini kikiingia mtoni kimebeba kilo 50 ambazo maji matamu hayawezi kuzibeba, nacho kitaenda chini.

Sasa nenda kijiji cha Ozi wakati wa bamvua. Bahari inapojaa husukuma maji matamu ya mto kurudi juu, na wakulima wa mpunga huyafungulia mifereji yao yaingie mashambani. Hawatumii pampu wala lita ya mafuta. Ni ujuzi wa vizazi, na kwangu ni moja ya kazi za uhandisi zilizo nzuri kuliko zote za pwani ya Kenya. Lakini chini ya maji hayo matamu, yale ya chumvi, kwa kuwa ni mazito, hupenya kwa kutambaa sakafuni mwa mto. Mto ukipungua, chumvi hupanda mbali zaidi na kuua mpunga na miembe, jambo ambalo watu wa Ozi wamelilalamikia kwa miaka. Basi mahali pamoja, wakati mmoja, kuna maji ya aina mbili, matamu juu na ya chumvi chini.

Fikiria nyambizi iliyosawazishwa kwenye tabaka la chini. Rubani anaondoa lita 20, chombo kinaanza kupanda, anafurahi. Kinapofika kwenye tabaka tamu, nguvu ya kukiinua inapungua kwa kilo 50. Kile chepesi cha kilo 20 kinakuwa kizito cha kilo 30. Kitasimama pale mpakani, juu kikiona mwanga na chini kikivutwa, na rubani hataelewa kwa nini chombo kilichokuwa kikipanda sekunde chache zilizopita kimekataa. Kwa hiyo tangi dogo la chombo cha delta lisipungue lita 100: 50 za tofauti ya chumvi, na nyingine za tofauti ya uzito wa watu na vifaa.

Tope ni tatizo la pili la Tana. Mabwawa matano ya juu, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, yamezuia sehemu yake, lakini mto bado unafika Garsen ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji hayo yakiingia tangini na kutulia, udongo hushuka chini. Pampu itatoa maji na kuuacha udongo. Baada ya kushuka na kupanda mara nyingi, tangi linakuwa na mzigo usiotoka na usiomo kwenye hesabu yoyote. Tangi liwe na mlango wa kuingiza mkono, lioshwe kila mara, na sakafu yake iteremke kuelekea kwenye bomba la kutolea.

Mezani kwa fundi wa pampu

Wakati wa kiangazi, meza ya fundi wa pampu wa Garsen au Minjila haipumziki. Wakulima wa ndizi, maembe na tikiti humletea pampu za petroli za inchi 2 na 3, na yeye huzifungua mbele yao. Bolti zikitoka, impela inaonekana: mapanga yake, ambayo yalikuwa na kingo kali ilipokuwa mpya, yameliwa na mchanga wa mto hadi yamekuwa membamba na mviringo. Sili iliyo nyuma yake ina mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, na mkwaruzo huo ndio uliokuwa ukivuja. Kisha anaichukua vali ya mwisho wa mpira wa kufyonzea, ile inayolala mtoni. Anaitikisa. Kifuniko hakifungi sawasawa. Anaingiza kidole na kutoa ujani mmoja wa nyasi.

Shambani, ujani ule humpotezea mkulima asubuhi nzima, kwa sababu maji yanarudi mtoni na pampu haishiki. Katika nyambizi, ujani ule ule kwenye vali ya kutolea maji ni mlango uliofunguliwa kwa mto wote. Ndiyo maana kila tundu linalopita kwenye mwili wa chombo linatakiwa liwe na vali mbili zinazofuatana, moja ya kujifunga yenyewe na nyingine ya kufungwa kwa mkono, na mbele yake wavu wa kuzuia takataka. Fundi wa pampu wa Garsen ataielewa sentensi hiyo mara ya kwanza. Anayekosa kuielewa asiunde nyambizi.

Lakini fundi huyo huyo ana mazoea mawili ambayo lazima ayaache karakanani. La kwanza ni injini ya petroli. Ndani ya chombo kilichofungwa, injini hula hewa anayoivuta mtu na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua kabla hujashtuka. Tumeshazika watu walioshuka visimani na pampu ya petroli kwa sababu hiyo. Ndani ya nyambizi ni mota ya umeme na betri, basi. Na betri za risasi na asidi zikae kwenye sanduku lao, zichajiwe nje chombo kikiwa wazi, kwa sababu zikichajiwa hutoa haidrojeni inayolipuka, na zikiguswa na maji ya bahari hutoa klorini.

Zoea la pili ni impela yenyewe. Kwenye kibao cha pampu za petroli za shamba imeandikwa umbali wa mwisho wa kupandisha maji, na nyingi husema kati ya mita 25 na 32. Wengi huisoma kama ahadi, nayo ni mpaka. Kwenye urefu huo wa mwisho pampu haitoi hata tone, inazungusha maji yale yale ndani ya tumbo lake. Kusukuma maji kutoka ndani ya chombo kilicho kwenye kina cha mita 30 ni kazi sawa na kuyapandisha mita 30 angani. Vipampu vidogo vya volti 12 vya kutolea maji kwenye boti vina hali mbaya zaidi, kwani vingi huishia mita chache tu. Vitamtumikia mtu vizuri juu ya maji, na vitanyamaza pale anapovihitaji.

Pampu inayofaa ni ya pistoni, na mfano wake bora umesimama katika maelfu ya vijiji vya Afrika. Pampu ya mkono ya Afridev ilikuzwa na kujaribiwa kwetu Kwale katika miaka ya 1980, pamoja na kazi iliyofanywa Malawi, na iliundwa kwa visima vya hadi mita 45. Mama akishika mpini wake anashinda shinikizo ambalo pampu ya petroli yenye kelele ingelikatalia. Impela huyarusha maji na kutumaini yatafika. Pistoni huyabana, na yakibanwa hayana budi kutoka.

Tena nguvu inayohitajika si nyingi kama watu wanavyodhani. Kutoa lita 50 kwenye kina cha mita 20 ni kazi ya jouli 10,000 hivi. Mtu anayefanya kazi ya wastani kwa mikono hutoa wati 50, kwa hiyo ni dakika tatu na kitu, tuseme tano ukihesabu msuguano. Kwenye mita 58 ni dakika 10 na zaidi, na jasho jingi. Kwa hiyo hata kama chombo kina pampu ya umeme, kiwe na ya mkono iliyounganishwa kwenye bomba lake la peke yake. Isitegemee betri ile ile, wala vali ile ile, wala bomba lile lile.

Kuna jambo ningelipita haraka kama lisingekuwa limewahi kuzamisha chombo kizima. Maji ndani ya tangi lililojaa nusu hukimbilia upande ulioinama, na yakishafika huko huzidisha kuinama. Mjerumani Wilhelm Bauer aliunda nyambizi ya Brandtaucher na kuyaacha maji ya farumi yazagae chini ya sakafu bila matangi yaliyogawanywa. Februari 1, 1851, katika bandari ya Kiel, maji yale yalikimbilia nyuma na chombo kikashuka kwa mkia hadi chini. Bauer na wenzake wawili walinusurika kwa kungoja kwa masaa, maji yakiingia, mpaka shinikizo la ndani likalingana na la nje na mlango ukafunguka. Tangi dogo lenye kuta za kugawanya ndani, lililowekwa katikati ya chombo, lingemwepushia yote hayo. Naye anayeunda leo aweke kuta hizo.

Kinachoanguka chenyewe

Ukifika hapa, fundi wetu ana tangi la nje na mtungi wa hewa, tangi la ndani na pampu mbili. Wengi wangesema inatosha. Haitoshi, na ndipo Bura inaporudi.

Kosa la Bura halikuwa pampu mbovu. Kosa lilikuwa kuipa pampu kazi ambayo haikupaswa kuwa yake peke yake. Miaka mingi baadaye serikali ilianza kujenga mfereji wa kuyateremsha maji kwa mwinuko wa ardhi kutoka juu ya mto, na wakulima wa Bura hawakuhitaji kuelezwa faida yake. Mteremko hauishiwi dizeli. Watu wa Ozi, waliomwachia mwezi na bahari kazi ya kupandisha maji, walilijua hilo kabla mradi wowote haujafika Tana.

Kwenye nyambizi, mteremko huo ni mzigo wa kuangushwa: kipande cha risasi kilichofungwa chini ya tumbo la chombo kwa bolti inayofunguliwa kutoka ndani kwa mkono. Ukifungua, kinaanguka kwa uzito wake. Hakitaki umeme, hakitaki hewa, hakitaki vali. Si wazo jipya. David Bushnell, Mmarekani aliyeunda nyambizi ya Turtle iliyotumika New York mwaka 1776, alikuwa na vali ya mguu ya kuingiza maji na pampu mbili za mkono za kuyatoa, na bado akafunga risasi chini, ambayo takriban kilo 90 zake ziliweza kuachiwa kutoka ndani. Alifanya kazi kwa mbao na lami, bila umeme wowote, na aliona lililo muhimu.

Uzito wa mzigo huo haukisiwi. Chukua ajali mbaya kuliko zote unazoweza kurudi kutoka kwayo: tangi dogo la lita 100 limejaa lote, na wakati huo huo umeingia maji matamu ukiwa umesawazishwa kwa ya chumvi. Hizo ni kilo 150 za ziada. Mzigo lazima uzidi hapo ukiwa majini, siyo ukiwa kwenye mizani. Risasi ya kilo 200 ikiachiwa majini hukupa takriban kilo 180 za kuinuka. Chuma cha kilo 200 hukupa 174 hivi. Zege la kilo 200, ambalo ni rahisi na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, hukupa chini ya 120, kwa sababu zege lenyewe linasukuma maji mengi. Fundi aliyebana matumizi kwa kutumia zege amejipunguzia kilo 60 za uhai. Risasi hutoka kwenye betri kuukuu, lakini isiyeyushwe ndani ya nyumba wala karibu na watoto, kwa kuwa mvuke na vumbi lake ni sumu.

Mzigo uwe chini kabisa, na matangi ya hewa yawe juu. Chombo kilichozama hakina mbavu pana juu ya maji za kukishikilia wima. Kinasimama sawa kwa sababu moja tu, kwamba kizito kiko chini ya chepesi.

Bado kuna ajali ambazo risasi haiwezi kuzitibu. Juni 18, 2023, nyambizi ya Titan ilipopondwa na shinikizo la maji ikielekea kwenye mabaki ya Titanic na kuua watu watano, kilichoshindwa kilikuwa mwili wa chombo, na hakuna farumi ambayo ingewafaa. Kwa hiyo asiyejua kukokotoa unene wa chuma na kupima maungio ya kuchomelea aende kwa anayejua. Mombasa kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi na Chuo cha Bandari, na Mamlaka ya Ubahari ya Kenya ndiyo inayokagua vyombo vya majini. Kubisha mlango wao mapema ni sehemu ya kazi ya ufundi.

Wala mto usiwe mahali pa kwanza pa kujaribia. Mkondo wa Tana una nguvu, huoni mkono wako mbele ya uso, na mamba na viboko wana mto wao. Maziwa ya delta kama Shakababo yametulia, lakini wanyama ni wale wale. Bwawa la kuogelea lenye kina cha mita 3 linafaa kuliko vyote kwa miezi ya kwanza.

Jaribio la kwanza lifanywe bila mtu ndani. Chombo kitiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa rubani, tangi dogo lijazwe lote, kishushwe kwa kamba mpaka kiguse sakafu, na waya uvutwe kutoka nje ili uachie risasi. Kikiibuka, kirudishwe chini kikiwa kimelala ubavu, kwa sababu bolti inayofunguka chombo kikiwa sawa mara nyingi hukwama kikiinama. Kirudishwe tena kikiwa kimeinamisha pua, kisha mkia, kisha baada ya kukaa na tope kwenye bolti kwa wiki moja. Kikikataa mara moja, bolti ichongwe upya na majaribio yaanze mwanzo. Kikishaibuka kila mara, katika kila hali, ndipo fundi achukue spana na kuanza kufunga pampu.